Mtafutieni mtu kwanza, shule baadaye: hotuba kwa wazazi wa kuasili na walezi, Mwanza

Ndugu wazazi, walezi, walimu na maafisa ustawi wa jamii mliotoka Nyamagana, Ilemela, Magu na Misungwi, pamoja nanyi mliovuka maji kutoka Ukerewe, asanteni kwa kufika.

Tulilokuja kulizungumza ni hili: mtoto uliyemwasili amefukuzwa shule. Kesho asubuhi wenzake watapita mlangoni na sare zao, naye amekaa barazani anawaangalia. Uanzie wapi?

Kwa mtoto yeyote, kufukuzwa ni aibu na hasara ya masomo. Kwa mtoto aliyeasiliwa kuna kidonda kingine chini yake. Huyu ameshaondolewa mahali mara moja, mbili, pengine tatu: kwa mama aliyemzaa, hospitali au kituo cha polisi, makao ya watoto, kisha kwako. Kila mara watu wazima walikaa wakaamua, yeye akapakiwa kwenye gari na mfuko wa nguo. Barua ya shule inamthibitishia jambo alilokuwa akiliogopa siku zote, kwamba mahali popote anaweza kutolewa. Ndiyo maana wengi wao, wiki hiyohiyo, huanza kukojoa kitandani tena, kuficha chapati chini ya godoro, au kukuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, na mimi nitaondoka lini?" Mjibuni siku hiyohiyo, kwa maneno yasiyo na kona: shule imekwisha, nyumbani hakujaisha. Na mrudieni tena kesho yake, kwa sababu mara moja haimtoshi.

Kwa sababu hiyo nawaomba mgeuze namna ya kutafuta. Watu wengi hutafuta shule yenye nafasi, au yenye ufaulu mzuri. Mtafuteni kwanza mtu mzima mmoja ndani ya shule atakayempokea huyu mtoto kwa jina, atakayejua historia yake kwa kiasi kinachotosha, na atakayekuwepo mambo yakichafuka. Akipatikana mtu huyo katika shule ya kawaida ya kata, mchukueni. Shule yenye majengo mazuri ambayo haina mtu wa namna hiyo itamrudisha kwenu kabla ya likizo.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Jambo la kwanza ni kujua mtoto amefanywa nini hasa. Kusimamishwa masomo kwa wiki mbili si kufukuzwa. Na kuna njia ya tatu ambayo haina jina: mwalimu anakuita ofisini na kukuambia kwa upole, "Mzazi, mtafutie tu shule nyingine, tusifike mbali." Hakuna barua wala kikao, na wewe kwa aibu unaondoka na mtoto. Kitakachofuata ni kwamba jina linabaki kwenye daftari la mahudhurio, anawekewa alama ya kutokuwepo kila siku, na baada ya muda anaandikwa mtoro. Kosa la pili limezaliwa juu ya la kwanza, na hili la pili limeandikwa. Ukiambiwa hivyo, omba moja kati ya mambo mawili: uamuzi wa maandishi, au uhamisho rasmi. Usiondoke bila kimojawapo.

Barua ikitoka, isome ukiwa na Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 akilini. Sababu zinazotajwa humo ni chache: utovu wa nidhamu wa kudumu na wa makusudi unaohatarisha nidhamu ya shule au jina lake jema, kosa la jinai kama wizi, kuharibu mali kwa kusudi au dawa za kulevya, na kuoa au kuolewa. Yatazameni hayo maneno mawili, kudumu na makusudi. Mtoto aliyerusha kiti siku moja baada ya kuitwa "wa kuokotwa" mbele ya darasa amekosa, hilo halibishaniwi. Lakini kama hakuna barua ya onyo ya nyuma, wala mzazi hakuwahi kuitwa, uko wapi udumifu? Na kama daktari au ofisa ustawi ameandika kwamba mtoto hupigana akishtushwa, makusudi yanahitaji kujadiliwa. Ulizeni pia kama kamati ya shule, au bodi kwa sekondari, ilikaa kweli, na kama mtoto alipewa nafasi ya kusema. Hoja zenu ziandikeni kwa barua kupitia kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu wa halmashauri na kwa ofisa ustawi wa jamii, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mkate rufaa au msikate? Kama uamuzi una kasoro, kateni, hata kama hamtaki mtoto arudi pale. Sababu ni ya vitendo. Shule inayojua kwamba uamuzi wake unaweza kuhojiwa huwa tayari zaidi kuzungumza juu ya uhamisho, na mtoto anayetoka kwa uhamisho anapokelewa tofauti na aliyetoka kwa barua ya kufukuzwa. Ila utafutaji wa shule usisubiri jibu la rufaa. Viendeni vyote viwili kwa pamoja, maana mtoto anayekaa nyumbani miezi miwili hujifunza kukaa nyumbani, na sisi tulio karibu na ziwa tunajua anakokwenda: mwaloni, kuanika dagaa kwa posho ya siku. Akishaonja hela hiyo, kumrudisha kwenye dawati ni kazi kubwa kuliko kumtafutia dawati.

Andaeni jalada moja la plastiki. Humo kiwepo cheti cha kuzaliwa. Amri ya mahakama ya kuasili, au kama bado mko kwenye malezi ya kambo, barua ya Ustawi wa Jamii inayoonyesha mtoto yuko kwenu kihalali. Ndugu wengi hapa Mwanza wanalea mtoto wa marehemu dada au wa binamu bila karatasi yoyote. Hao waanzie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa ofisa ustawi, wapate barua kabla ya kuanza kuzunguka shuleni, maana mwalimu mkuu mwenye shaka atakwama palepale kwenye swali la nani mzazi. Ongezeni ripoti za maendeleo za muhula angalau miwili, kadi ya kliniki, barua za shule zote, na picha ndogo nne. Amri ya mahakama ionyesheni, msiiache shuleni. Ina mambo ya mtoto ambayo hayamhusu karani.

Kisha kuna namba ya PREM, yaani ile namba ya mwanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Hapa naomba tukae kidogo. Uhamisho wa barua peke yake haujakamilika. Shule ya zamani inatakiwa kumhamisha mtoto ndani ya mfumo, na shule mpya impokee humohumo. Shule iliyokasirika huchelewa kufanya hivyo, si lazima kwa ubaya, mara nyingi kwa sababu hakuna anayewakumbusha. Mtoto anasoma shule mpya miezi sita, na inapofika kusajili watahiniwa wa upimaji wa darasa la nne au mtihani wa darasa la saba, jina lake bado liko kule alikofukuzwa. Baada ya usajili kufungwa, kurekebisha ni safari ya ofisi hadi ofisi. Wiki ya pili baada ya kuhamia, nendeni mkamuulize mwalimu wa taaluma wa shule mpya: "Mwanangu anaonekana kwenye mfumo wenu?" Msiridhike na "itakuwa tayari". Muombeni aangalie mkiwepo.

Kwa mtoto aliyeasiliwa kuna mtego wa ziada, nao ni jina. Pengine aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina alilopewa kituoni, kisha mahakama ikampa la kwenu. Cheti kinasema hivi, daftari linasema vile, mfumo unasema la tatu. Uhamisho ndiyo nafasi nzuri ya kusawazisha yote, kabla hajafika darasa la mtihani. Na kuna faida ambayo haionekani kwenye karatasi: akiitwa kwa jina lenu kuanzia siku ya kwanza, hakuna mwenzake atakayeuliza mbona ana majina mawili.

Barua ya kuomba uhamisho inaandikwa na mzazi. Kabla ya kuipeleka shule ya zamani, pateni maandishi ya shule inayopokea kwamba nafasi ipo. Ndani ya halmashauri moja, kwa mfano kutoka Igoma kwenda Mkolani, jambo huishia kwa Afisa Elimu wa halmashauri. Lakini kutoka Igoma kwenda Buswelu umeshavuka kutoka Jiji la Mwanza kwenda Manispaa ya Ilemela, ingawa ni daladala tu. Hapo ombi hupanda ofisi ya Elimu ya Mkoa. Mkitoka mkoani, mikoa yote miwili inahusika. Hesabuni muda huo katika mipango yenu.

Kabla ya kutembelea shule hata moja, mpelekeni mtoto hospitali. Yako mambo ya mwili yanayovaa sura ya ukorofi. Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja ataitwa mkaidi. Mtoto aliyekulia ufukweni akioga ziwani anaweza kuwa na kichocho kwa miaka, amepungukiwa damu, analala darasani, akiamshwa anafoka. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ipo sana Kanda ya Ziwa, na mtoto aliyekuja kwenu bila historia ya ukoo wake huenda hajawahi kupimwa. Macho, masikio, damu, choo na mkojo: hayo yanafanyika hospitali ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure. Kwa upande wa akili na hisia, ombeni rufaa kwenda hospitali ya Bugando, waelezeni wazi kwamba mtoto ameasiliwa na ameishi sehemu kadhaa. Mkitoka, ombeni barua fupi ya daktari yenye aya moja inayoeleza shule ifanye nini. Mwalimu mwenye watoto tisini hatasoma kurasa nne za ripoti, atasoma aya moja.

Na magonjwa mengine yabaki siri. Hali ya VVU ya mtoto, kwa mfano, shule haihitaji kuijua ili imfundishe hesabu.

Sasa kuitembelea shule. Msiende Jumatatu asubuhi, mwalimu mkuu ana mambo mengi. Nendeni Jumanne au Jumatano, mfike kabla ya saa nne, mkae mpaka mapumziko ya uji yaishe. Hiyo nusu saa ya mapumziko ndiyo shule yenyewe. Yuko wapi mwalimu wa zamu? Viranja wanashika nini mkononi? Mtoto aliye peke yake kuna mtu anamwona? Geti lina mlinzi? Kiwango cha Serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi, na mnajua wenyewe kwamba shule nyingi za mjini hazifiki hapo hata kwa mbali. Msiikatae shule kwa idadi peke yake. Angalieni kama mwalimu wa darasa anawajua watoto kwa majina. Mtu anayejua majina themanini ni mtu mnayemtafuta.

Njia ya kwenda na kurudi ipimeni kwa miguu yenu. Mtoto ambaye akishtuka hukimbia, msimpeleke shule ambayo njia yake inapita kando ya maji au inakatiza barabara kubwa, hata kama ndiyo iliyo karibu zaidi.

Ofisini ulizeni mambo manne. Nani anashughulika na malezi na unasihi, na tunaweza kumwona leo? Mtoto akifanya kosa, ni nani anaamua adhabu? Akihitaji kutoka darasani ili atulie, atakwenda wapi? Mkipata tatizo, mtapiga simu saa ngapi, kabla ya uamuzi au baada yake? Na hapo zungumzeni fimbo waziwazi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwalimu anayetembea na fimbo uwanjani akichapa anayepita yuko nje ya kanuni. Kwa mtoto aliyewahi kupigwa na watu wazima waliopaswa kumlinda, hata hivyo vinne vinarudisha yote. Ombeni asichapwe, na mpendekeze mbadala: abaki kufagia darasa na mwalimu wake, amwandikie aliyemkosea barua, afidie alichovunja kwa kazi. Mwalimu mkuu atawaambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Mjibuni kwa heshima kwamba huyu ameshakunjwa sana kabla hajafika kwetu. Tunachoomba ni mkono wa kumnyoosha.

Mwalimu akisema mtoto afanye kwanza mtihani wa usaili, kubalini, lakini ombeni afanye asubuhi, katika chumba tulivu, ukiwa umekaa nje ya mlango. Kumkataa kwa alama ni njia ya adabu ya kumkataa kwa sifa zake, hivyo alama zake zisitiwe doa na woga.

Jaribu kubwa ni shule ya bweni. Ndugu watashauri, "Mpeleke bweni akanyooke." Kwa darasa la nne kushuka, Waraka wa Elimu Na. 1 wa mwaka 2023 umeshafunga mlango huo kwa ujumla. Kwa wakubwa mlango uko wazi, lakini msiupite katika mwaka huu wa kufukuzwa. Kwa mtoto huyu, bweni lina sura ya makao: vitanda vingi, kengele, sahani za aina moja, na wewe hupo. Ataelewa kwamba amerudishwa.

Je, mseme ukweli kwamba alifukuzwa? Ndiyo. Walimu wakuu wa Mwanza wanajuana, wana vikao vya kata na kundi la simu. Ukificha, siku mwalimu mkuu atakapojua atakuwa amepoteza imani nawe, na yule mtu mmoja tuliyemtafuta atakuwa amekwenda. Ila ukweli una kipimo. Historia ya mama mzazi, jinsi alivyopatikana, aliyemtendea nini, hivyo ni mali ya mtoto. Shule inahitaji kujua kinachomwasha, dalili, na kinachomzima. Ukurasa mmoja unatosha, na unaweza kusomeka hivi:

"Mwanetu ana miaka 10. Aliishi sehemu tatu kabla ya kufika kwetu akiwa na miaka 6. Akishikwa kwa nyuma au akifokewa mbele ya wenzake, hukimbia au hupiga. Kabla ya hapo huacha kujibu, hukunja ngumi na kuangalia mlango. Husaidika akiitwa jina kwa sauti ya chini, akitumwa kupeleka chaki ofisini, au akisimama chini ya mti kwa dakika 10. Kumzibia mlango na kumpigia kelele humzidishia. Shule ya kwanza ilimfukuza kwa kumrushia mwenzake kiti. Simu zetu ziko hapa chini, na mmoja wetu anaweza kufika ndani ya dakika 20."

Sentensi ile ya mwisho msiiandike kama si kweli. Mwalimu atawapima kwa hiyo.

Nakala ziwe tatu tu: mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi. Ombeni pia mwalimu wa darasa awaambie mapema kabla ya somo la familia na ukoo. Zoezi la "taja babu na bibi zako" limewavunja watoto wengi kuliko hesabu za sehemu.

Kule England mtoto aliyefukuzwa moja kwa moja lazima apatiwe elimu na halmashauri yake kuanzia siku ya 6 ya shule. Walioasiliwa kutoka malezi ya serikali wamo katika kundi la kwanza kabisa la kupewa nafasi, na shule za umma zina mwalimu aliyeteuliwa kwa ajili yao. Nalitaja hili ili muone kwamba tunachoomba si upendeleo wa ajabu. Hapa kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatupa haki ya elimu, na inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie. Siku ya 6 na mwalimu maalumu tutajitengenezea wenyewe, shule kwa shule.

Siku ya kuanza isiwe Jumatatu. Jumatatu kuna mstari mrefu, ukaguzi wa kucha na sare, matangazo, macho yote kwa mgeni. Aanze Jumatano. Siku moja kabla, jioni shule ikiwa tupu, mwende naye aone darasa, dawati, choo, bomba, na mti ule wa kutulia. Wiki ya kwanza akae mpaka saa sita, mkikubaliana na mwalimu. Wiki ya pili aongeze. Sare iwe imefuliwa mara mbili isionekane mpya sana. Jambo dogo, lakini watoto huona.

Wiki tatu za mwanzo mara nyingi huwa nzuri mno, na hapo wazazi hukosea: wanaacha kupiga simu, wanaamini yameisha. Kati ya wiki ya nne na ya nane mtoto huanza kujaribu. Ameshawapenda, sasa anataka kujua kama watamtoa. Tukio la kwanza likitokea, usimchukue mwanao kwa hasira ukaondoka naye. Njoo, kaeni watatu, yeye, mwalimu na wewe, arekebishe alichoharibu, kisha kesho yake saa moja asubuhi awe pale getini. Huko kurudi kesho yake ndiko anakokungojea. Wekeni kikao kifupi na mwalimu kila Ijumaa mpaka wiki ya 12, dakika tano tu, hata kama hakuna la kusema.

Kama shule zote zimekataa, msibaki mitaani. Aliye na miaka 11 hadi 18 na msingi haujakamilika anaweza kuingia MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, muulizeni Afisa Elimu Kata kituo kiko wapi. Aliyekatiza masomo asidhani mlango umefungwa, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu kurudi katika mfumo rasmi. Kijana anayependa kazi za mikono, ulizeni chuo cha ufundi stadi cha VETA, Nyakato. Na pale mtoto anapopigwa au kunyanyaswa shuleni, simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ni ya bure.

Limebaki jambo ambalo karibu kila familia hulisahau kwa sababu ya hasira. Mrudisheni shule ya zamani mara moja, akaage. Msiende kwa kamati. Ombeni nusu saa mchana, achukue madaftari yake, ampe mkono mwalimu mmoja aliyekuwa mwema kwake, hata akiwa mpishi wa uji, na amkabidhi rafiki yake karatasi yenye namba yenu ya simu. Sehemu zote alizotoka zamani alitoka bila kuaga.